Asiyelipwa ndiye wa kwanza kuandikiwa mkataba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe langu la moyoni kuhusu habari iliyotoka katika kurasa zenu za burudani. Mwandishi wenu alizungumza na kundi la vijana waliokamilisha filamu yao ya kwanza kwa fedha za kuchangishana. Niliisoma kwa furaha mpaka nilipofika pale mwongozaji alipoeleza kwamba hakuna mwigizaji aliyelipwa, na hakuna karatasi yoyote iliyosainiwa, kwa kuwa wao wanaishi kama ndugu na wanaaminiana. Mwandishi akaliacha hilo lipite kama moja ya sifa za kundi.

Mimi naliona kwa namna nyingine kabisa. Filamu isiyo na fedha ndiyo inayohitaji mkataba kuliko zote. Mwigizaji aliyelipwa, hata karatasi yake ikipotea, ana alama ya kazi yake: fedha ziliingia, benki inaonyesha zilitoka kwa nani na lini. Asiyelipwa amepewa ahadi peke yake. Ameahidiwa kwamba jina lake litaonekana, kwamba atapata nakala ya filamu, kwamba ikiuzwa atakumbukwa. Ahadi hizo ndizo ujira wake wote. Zisipoandikwa, amefanya kazi kwa ajili ya kumbukumbu ya mtu mwingine, na kumbukumbu ya mtayarishaji mwenye madeni ni fupi.

Kazi yangu katika filamu hizi ndogo ni ile isiyopigiwa makofi. Napanga ratiba ya siku, naita waigizaji, nakusanya saini. Nimewahi pia kusimama mbele ya kamera bila malipo, kwa hiari yangu na kwa raha, na nikiitwa kesho na mtu mwenye muswada mzuri nitakwenda. Sina ugomvi na kujitolea. Bila watu wanaojitolea, waongozaji wengi tunaowasifu leo wasingepata hata kitu cha kwanza cha kuwaonyesha watu. Ninachokipinga ni desturi ya kumchukulia anayejitolea kama mtu asiyehitaji kuelezwa anajitolea nini.

Ngoja nieleze jinsi fomu ya ridhaa inavyosainiwa, pale inapokuwapo. Mwigizaji ameamka alfajiri, amepakwa vipodozi, amevalishwa nguo za mhusika ambazo hazina mfuko. Simu na miwani yake viko kwenye begi, chumba kingine. Taa zimeshawekwa, na mpiga picha analalamika kwamba mwanga wa dirishani unaondoka. Hapo ndipo anapojiwa na kijana mwenye karatasi iliyobanwa kwenye ubao, kalamu inaning'inia kwa uzi, anaambiwa asaini hapa chini, ni utaratibu tu. Nilimwona mzee mmoja, mwigizaji wa jukwaani wa siku nyingi, akiisogeza karatasi ile mbali na uso, mkono umenyooka, akitafuta umbali ambao herufi zingesomeka. Hazikusomeka. Watu wote chumbani walikuwa wanamngoja yeye. Akasaini. Hakuna aliyemuuliza kama amesoma, wala hakuna aliyempa nakala. Karatasi ikaingia kwenye bahasha ya kaki, na bahasha ikaenda na mtayarishaji.

Na karatasi ile ilisema nini? Ilisema kwamba yeye aliyetia saini anampa mtayarishaji, na yeyote ambaye mtayarishaji atamhamishia haki zake, ruhusa isiyofutika ya kutumia sura, sauti, jina na maelezo ya maisha yake, kwa matumizi yoyote, kwa njia yoyote iliyopo au itakayobuniwa baadaye, duniani kote, milele, bila malipo, na bila haki ya kukagua kitakachotengenezwa. Maneno haya yamezunguka dunia nzima. Mtu anayaokota kwenye intaneti, anabadilisha jina la filamu, anachapa. Mara nyingi hata yeye hajayasoma hadi mwisho.

Kusema haki, sehemu kubwa ya maneno hayo ina sababu. Filamu ni kazi ya watu wengi iliyofungwa pamoja, na kama kila aliyeonekana humo angeweza kuamka siku moja akaiondoa ridhaa yake, hakuna filamu ambayo ingeonyeshwa. Kwa hiyo "isiyofutika" lazima iwepo. "Duniani kote" lazima iwepo, maana filamu iliyowekwa mtandaoni haina mpaka. "Njia itakayobuniwa baadaye" lazima iwepo pia. Waliosaini mikataba enzi za kanda za video hawakujua kwamba watu wangekuja kutazama filamu kwenye simu. Mwigizaji anayekataa maneno haya matatu anamnyima mwenye filamu kitu anachokihitaji kweli, na mimi humwambia hivyo waziwazi.

Tatizo liko kwenye "matumizi yoyote". Hayo hayahitajiki hata kidogo. Anachohitaji mtayarishaji ni kuitumia kazi ya mwigizaji katika filamu hii, trela yake, bango lake na matangazo yake. Akitaka zaidi, arudi aombe.

Binti mmoja niliyefanya naye kazi aliigiza bure katika filamu fupi, nafasi ya mgonjwa anayepata nafuu. Filamu ilikwisha, ikaonyeshwa mara chache, ikasahaulika. Baada ya muda mrefu shangazi yake akamtumia klipu kwenye simu. Ni yeye, yuko kitandani, anainua kichwa na kutabasamu, na chini yake yanapita maandishi ya kusifu dawa ya maumivu. Mtayarishaji alikuwa ameuza vipande vya picha kwa wafanya matangazo. Binti yule alikuwa anasomea uuguzi. Darasani akaanza kuulizwa, na mwalimu mmoja hakuwa anatania, ni lini aliugua na kwa nini anawadanganya watu kuhusu dawa. Alipompigia mtayarishaji alijibiwa kwamba alisaini. Na kweli alisaini. Nilimsomea fomu yake neno kwa neno, na sikupata mahali pa kumshika yule mtu.

Msidhani haya ni ya wanyonge wasiofahamika peke yao. Wapo waliofika nayo mahakama kubwa wakarudi mikono mitupu. Mwaka 2011 huko California, mwigizaji Cindy Lee Garcia alijibu tangazo la kutafuta waigizaji wa filamu ya bajeti ndogo. Aliambiwa ni hadithi ya vituko katika Arabuni ya kale. Alipewa kurasa chache za muswada, akaigiza, akalipwa kama dola 500. Mwaka uliofuata sehemu yake ikaonekana katika video ya kuutukana Uislamu iliyozua ghasia nchi nyingi. Sauti yake ilikuwa imefunikwa na sauti nyingine, na maneno aliyowekewa mdomoni hakuyasema. Alitishiwa kuuawa. Alishtaki ili video iondolewe kwenye YouTube. Mwaka 2014 majaji wa rufaa walimkubalia, lakini Mei 2015 jopo kubwa la mahakama ileile likatengua uamuzi huo: kuonekana kwake kwa sekunde tano, walisema, hakukumpa hakimiliki yake mwenyewe ndani ya filamu ya mtu mwingine.

Huyo alilipwa, na bado alikosa pa kushika. Nafikiri juu ya sentensi moja ambayo ingemsaidia: kwamba sauti yake haitabadilishwa kuwa maneno ambayo hayako kwenye muswada bila kuulizwa. Sentensi hiyo haigharimu chochote. Kama mtayarishaji angekataa kuiandika, kukataa kwenyewe kungemwonya mapema.

Sheria za kimataifa nazo zilichelewa kumwona mwigizaji wa filamu. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 uliwapa wasanii wanaoonyesha kazi zao ulinzi fulani, lakini kifungu chake cha 19 kilisema kwamba msanii akisharidhia kazi yake kuingizwa katika picha za filamu, ulinzi ule wa msingi haumhusu tena. Mwanamuziki aliendelea mbele. Mwigizaji akabaki mlangoni. Ilichukua zaidi ya miaka 50 hadi Mkataba wa Beijing wa mwaka 2012, ambao nao ulianza kutumika tarehe 28 Aprili 2020, baada ya nchi 30 kuuridhia au kujiunga nao. Mkataba huo unamtambua mwigizaji: ana haki ya kutajwa kama mwenye kazi, na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayomharibia jina. Lakini someni kifungu cha 12. Kinaruhusu nchi iweke sheria kwamba mwigizaji akiridhia kurekodiwa, haki zake za kiuchumi zinahamia kwa mtayarishaji, isipokuwa mkataba kati yao useme vingine. Maana yake, palipo na sheria ya namna hiyo, ukimya unampa mtayarishaji kila kitu. Njia ya mwigizaji ya kubakiza chochote ni kukiandika. Na kifungu hichohicho kinaruhusu nchi idai ridhaa au mkataba huo uwe wa maandishi na usainiwe na pande zote mbili. Pande zote mbili! Fomu nyingi ninazoziona zina mstari wa saini ya mwigizaji tu. Upande wa pili hakuna anayeahidi chochote.

Sasa nigeukie kwa waongozaji, maana wengi wao wanadhani karatasi ni kwa faida ya mwigizaji na wao inawachelewesha tu. Niliwahi kuitwa kwenye filamu ambayo ilikuwa imeshahaririwa, muziki umeshawekwa, kazi nzuri kabisa ya mwongozaji kijana ambaye alirekodi kwa imani na watu aliowaita ndugu zake. Msambazaji alikuwa ameipenda. Kabla ya kutoa senti aliomba jalada la haki: mkataba wa mwandishi wa muswada, ruhusa ya muziki, ruhusa ya mahali walipopigia picha, na ridhaa iliyosainiwa ya kila anayeonekana na kutambulika. Hilo si jambo la ajabu. Msambazaji hanunui picha zile, ananunua haki ya kuzionyesha, na anataka kuona haki hiyo ilitoka kwa nani hadi kumfikia muuzaji. Kampuni za bima zinazokinga filamu dhidi ya madai ya aina hii huuliza karatasi hizohizo. Matamasha mengi nayo humtaka anayetuma filamu athibitishe kwamba haki zote anazo.

Jalada halikuwepo, ndipo nikatumwa kutafuta saini. Wengi walisaini kwenye kizingiti cha mlango, wakicheka, wakiuliza filamu inatoka lini. Mmoja alikuwa amehamia nchi nyingine, tukampata kwa barua pepe. Mmoja alikuwa amefariki. Nilikaa sebuleni kwa dada yake, nikiwa na karatasi iliyozungumzia matumizi ya sura ya marehemu, na yule dada akaniuliza kama anaweza kwanza kuiona filamu, kwa sababu tangu mazishi hajasikia sauti ya ndugu yake. Nilimwekea kwenye kompyuta yangu. Alisaini baada ya kutazama, na alikuwa na haki ya kutosaini. Wa mwisho alikuwa mwigizaji mkuu. Alikuwa amepata kazi katika tamthilia ya televisheni, ana wakala sasa, na wakala alimshauri asisaini chochote bila malipo yanayolingana na jina lake la leo. Sikuona kosa lake. Alimpa rafiki yake muda wake na uso wake, na hakuna aliyemwomba aandike kwa masharti gani wakati ule walipokuwa wote hawana kitu. Msambazaji alisubiri, kisha akaondoka. Filamu ile bado iko kwenye diski.

Kuna waongozaji wanaojitetea kwamba mwigizaji alijua anarekodiwa, alisimama mbele ya kamera mwenyewe, hiyo ni ridhaa tosha. Inaweza kutosha kwa kuonyeshana nyumbani. Haitoshi pale unapotaka kuuza. Sehemu nyingi kazi anayoifanya mwajiriwa ni ya mwajiri, lakini mtu aliyejitolea si mwajiriwa wako, kwa hiyo huwezi kuegemea hapo. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1988 inataka hakimiliki ihamishwe kwa maandishi yenye saini ya anayeihamisha. Ya Marekani ya mwaka 1976 inataka maandishi pia ili kazi iliyoagizwa kwa ajili ya filamu ihesabiwe kuwa ya aliyeiagiza. Mwandishi aliyekupa muswada bure, mpiga muziki aliyekupa wimbo bure, wote hao wanakuhusu.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, makubaliano ya kawaida hayawi mkataba mpaka kila upande utoe kitu. Ndiyo maana fomu nyingi za huko huandika kiasi kidogo cha fedha, hata dola moja, kama badala ya ridhaa. Mwongozaji anayesema "mimi sitoi chochote, yeye amejitolea" anaweza kuwa anaubomoa mkataba wake mwenyewe. Anayeandika kwamba atatoa nakala ya filamu, atataja jina na atagharimia nauli, anajijengea ukuta.

Kuna upande mwingine wa jambo hili nao usifichwe. Kumsainisha mtu kwamba anajitolea hakumfanyi awe wa kujitolea. Sheria ya kima cha chini cha mshahara ya Uingereza ya mwaka 1998 inabatilisha makubaliano yoyote ya kuikwepa. Kama mtu ni mfanyakazi kwa macho ya sheria, analipwa, hata awe ameandika kwa mkono wake kwamba hataki. Marekani nako haki ya kima cha chini chini ya sheria yao ya mwaka 1938 haiachwi kwa kusaini. Kampuni ya kibiashara inayomwita mtu kwa saa maalumu, inamwamuru afanye nini, na inatarajia faida, ichunguze sana kabla ya kumwita mtu huyo wa kujitolea. Wanafunzi wanaorekodi zoezi lao la chuo na marafiki waliokusanyika ni kitu kingine.

Nimefika kwenye ahadi ya malipo ya baadaye, na hapa nitakuwa mkali. "Filamu ikipata faida utapata asilimia yako" ni sentensi ambayo ningependa ife. Faida ya nini, baada ya kutoa nini, nani anahesabu, na anahesabu lini? Mwandishi Art Buchwald alikuwa na mkataba wa kupata sehemu ya faida halisi ya filamu ya Paramount, studio kubwa ya Hollywood, iliyotoka mwaka 1988. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 250 duniani. Studio ikasema kwa hesabu zake hakuna faida. Mwaka 1990 jaji wa Los Angeles aliamua kwamba namna ile ya kukokotoa faida ilikuwa na masharti ya uonevu. Buchwald alikuwa mtu maarufu, mwenye mawakili. Mwigizaji wa filamu ya kuchangishana atamkabidhi nani hesabu hizo azikague? Ukitaka kumwahidi fedha za baadaye, taja kiasi, na utaje tukio linaloziamsha: filamu ikiuzwa kwa mtu yeyote kwa fedha yoyote, kila mwigizaji aliyetajwa atalipwa kiasi hiki ndani ya siku 30 tangu fedha zilipopokelewa, kabla ya mtayarishaji kujilipa mwenyewe. Chama cha waigizaji cha Marekani, SAG-AFTRA, kina mkataba maalumu wa filamu za wanafunzi ambao unaruhusu ujira uahirishwe. Umeahirishwa, haukufutwa. Na masharti yake yameandikwa kabla ya kamera kuwashwa.

Fomu ninayoitumia mimi ni ukurasa mmoja, kwa lugha ambayo mwigizaji anaizungumza nyumbani kwake. Nampelekea siku kadhaa kabla, na namwambia aniulize asipoelewa. Inaanza hivi: "Ninakubali kuigiza nafasi iliyotajwa hapo juu katika filamu hii, kwa siku na saa zilizotajwa. Ninajua kwamba sitalipwa ujira. Ninaruhusu kazi yangu itumike katika filamu hii, trela yake, na matangazo ya filamu hii, popote duniani na kwa njia yoyote, na sitaiondoa ruhusa hii. Kazi yangu haitatumika kutangaza bidhaa, chama wala dini yoyote, wala katika filamu nyingine, bila ruhusa yangu mpya ya maandishi." Kisha inakuja sehemu ya mtayarishaji, yenye urefu uleule, naye anasaini: atagharimia nauli na chakula, atamtaja mwigizaji kwa jina alilolichagua mwenyewe, na atampa nakala.

Hiyo nakala ndiyo inayoniuma zaidi, pengine kwa sababu ni ndogo na ndiyo inayovunjwa mara nyingi. Mwigizaji hufanya kazi bure ili apate dakika mbili za kumwonyesha mwongozaji mwingine kwamba anaweza. Asipozipata, amepoteza kila kitu alichokuja kukitafuta. Kuna wanaoomba kwa mwaka mzima na kuambiwa kwamba filamu bado iko kwenye matamasha na haiwezi kutoka. Hofu ya filamu kuvuja ni ya kweli, lakini ina dawa: mkatie zile sehemu anazoonekana yeye, mpe, na muandikiane kwamba atazitumia kujitambulisha kikazi tu. Weka tarehe. Mimi huandika siku 60 tangu uhariri kukamilika, na kama filamu haitakamilika kabisa, mwaka mmoja tangu siku ya mwisho ya kupiga picha, apewe sehemu zake jinsi zilivyo.

Matukio ya utupu au ya kukumbatiana kitandani yana karatasi yake peke yake, inayosema kitaonekana nini na hakitaonekana nini, nani atakuwepo chumbani, na picha ambazo hazikutumika zitafutwa lini. SAG-AFTRA wanataka ridhaa hiyo iwe ya maandishi kabla, na mwigizaji anaweza kuiondoa kabla ya tukio kurekodiwa. Sioni kwa nini asiyelipwa apate pungufu ya hapo. Matukio ya hatari, kuruka, moto, gari, siyachukui kabisa pale pasipo na bima. Fomu inayosema mwigizaji ameumia kwa hiari yake hailipi hospitali. Mtoto anasainiwa na mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe anaulizwa.

La mwisho ni jipya, nalo linanitisha. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma kwa siku 118, na moja ya mambo makubwa waliyoyadai ni ulinzi dhidi ya nakala zao zinazotengenezwa na akili mnemba. Chama chao kilidai kwamba studio zilitaka kuwaskani waigizaji wa ziada, ziwalipe siku moja na zibaki na sura zao. Wawakilishi wa studio walikanusha. Mgomo uliisha kwa makubaliano yanayotaka ridhaa na maelezo ya matumizi kabla ya kutengeneza nakala kama hiyo. Wale wana chama. Mwigizaji wa filamu ya marafiki ana karatasi ile ya "matumizi yoyote, kwa njia yoyote itakayobuniwa", na maneno hayo yaliyoandikwa kabla ya teknolojia hii kuwepo sasa yanaweza kusomwa kuwa yanaruhusu sura yake ifundishiwe mashine na sauti yake iseme lolote. Ongezeni mstari mmoja: sura na sauti yangu visitumike kutengeneza nakala yangu ya kompyuta wala kufundishia programu yoyote. Nimeuongeza kwenye fomu yangu, na mpaka sasa hakuna mtayarishaji aliyenikatalia.

Kwa mwandishi wenu, ombi langu ni kwamba safari ijayo atakapokutana na kundi kama lile awaulize waigizaji, si mwongozaji peke yake: mmesaini nini, na nakala yake iko wapi? Na kwa vijana wale wenyewe, ambao kazi yao nina hamu ya kuiona, msikae. Bado mnakutana, bado mnapendana, na filamu haijatumwa popote. Chapeni ukurasa mmoja, muwapelekee walioigiza wote wiki hii, wausome wakiwa nyumbani na miwani yao, msaini pande zote mbili, na kila mmoja abaki na nakala yake. Nimeambatanisha fomu yangu pamoja na barua hii. Mkiona inafaa muichapishe. Atakayeitumia kwa filamu anayotaka kuiuza amwonyeshe kwanza mwanasheria wa nchi yake, kwa sababu sheria ya waigizaji inatofautiana sana kati ya nchi na nchi.

Wako,
Msaidizi wa mwongozaji, msomaji wenu wa siku nyingi